Moshi wa Karai la Dada

Dada yangu alikuwa na sauti ambayo watu wa usharika wetu waliitambua wakiwa bado barabarani. Mtu akichelewa ibada, akiwa anapanda kilima huku anahema, alijua kwaya imefikia wapi kwa kumsikiliza yeye. Naandika habari zake kwa sababu bado yupo hai, namshukuru Mungu kwa hilo, na kwa sababu sauti ile haipo tena.

Sisi ni watu wa Kimwani, wilayani Muleba. Tulikulia ndani ya kibanja cha migomba, na nyumbani kwetu mafuta ya kupikia yalikuwa kitu cha sikukuu. Mama alipika ebitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage katika chungu kimoja na kuvifunika kwa majani ya mgomba. Samaki akipatikana alifungwa ndani ya majani hayo hayo, akaiva taratibu kwa mvuke. Kitu cha kukaanga tulikiona Krismasi, na tulikisubiri mwaka mzima. Nadhani ndiyo maana dada alipoolewa mjini na kuona watu wa Bukoba wanakula vya kukaanga kila siku, alijua haraka angefanya kazi gani.

Mume wake alikuwa seremala. Walipanga nyumba mtaa wa Bilele, na pembeni yake shemeji akamjengea jiko la mabati, dogo, lenye mlango mmoja na dirisha moja la mbao alilolitengeneza kwa mikono yake. Dada akaanza na sangara wa vipande. Baadaye akaongeza sato wazima, halafu chipsi, halafu ndizi za kukaanga. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya ualimu wa shule ya msingi, naishi Buhembe, na karibu kila jioni nilipitia kwake. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni, tukaongea huku yeye akigeuza samaki, na akitulia kidogo aliimba. Alifanya mazoezi ya kwaya pale pale jikoni. Wateja waliokuwa wakisubiri waliitikia sauti ya chini, hata wasiokuwa Walutheri.

Jirani wa upande wa dirisha alikuwa fundi cherehani, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani. Alishona kanzu na suti barazani kwake. Alimpenda sana dada. Alimwita mwanangu, na kila Ijumaa baada ya swala alituma sahani yake ijazwe samaki. Siku moja alikuja mwenyewe, kofia mkononi, anaona haya.

"Mwanangu," alisema, "samaki wako siwezi kuwaacha. Lakini jana mteja kanirudishia kanzu. Anasema inanuka sangara. Ataingiaje nayo msikitini?"

Tulicheka wote, na yeye alicheka. Shemeji hakusubiri. Alasiri ile ile alichukua kipande cha bati na misumari, akaliziba dirisha. Mzee akashukuru mpaka tukaona aibu. Hakuna kati yetu aliyeona kwamba kuna neno la kujadili. Jirani ameomba, jirani amepewa. Moshi ungetoka mlangoni.

Moshi haukutoka mlangoni, au ulitoka kidogo tu. Mwingi ulibaki juu, chini ya bati, ukiteremka polepole mpaka usawa wa uso wa mtu aliyesimama. Mimi niliyekaa kwenye kigoda nilikuwa chini yake. Dada alikuwa ndani yake.

Nataka nieleze mafuta yale yalivyokuwa, maana wengi wetu tumeyaona na hatujayatazama. Asubuhi yalianza yakiwa na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Jioni yalikuwa kama kahawa. Dada aliyaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa, akayarudisha kwenye dumu, na kesho yake akaongeza mapya kidogo juu ya yale ya zamani. Hakuwa mchafu. Jiko lake lilifagiliwa, sahani zake ziling'aa, na samaki wake walikuwa wabichi wa siku hiyo hiyo. Kila mkaangaji niliyemjua mtaani alifanya hivyo na mafuta. Kuyamwaga kungekuwa kama kumwaga chakula.

Halafu kulikuwa na sisi walaji. Tulitaka samaki aliyekauka, mwenye ngozi nyeusi inayovunjika mdomoni. Tulitaka chipsi za kahawia iliyokolea. "Mama, niunguzie kidogo," wateja walimwambia, naye aliirudisha sahani kwenye karai na kuchochea makaa. Mafuta yalipochemka sana yalitoa moshi mwembamba wa bluu, unaowasha macho na kukwaruza koo. Dada aligeuza uso pembeni, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaendelea. Mimi nilipenda makombo meusi yaliyobaki chini ya karai, vile vipande vya unga na ngozi. Aliniwekea kwenye kisahani bila kuombwa.

Kikohozi kilianza kama vinavyoanza vikohozi vyote. Alisema ni vumbi. Msimu wa mvua alisema ni baridi ya ziwa. Aliposhindwa kupata usingizi vizuri alikunywa tangawizi na asali. Kwa muda mrefu hatukuhesabu kuwa ni ugonjwa, kwa sababu alikuwa anaamka na kuwasha jiko kama kawaida. Ila kwenye kwaya alianza kuvuta pumzi katikati ya mstari, mahali ambapo zamani alipita moja kwa moja. Mwalimu wa kwaya alimwekea mwenzake wa kumsaidia katika sehemu ndefu. Dada aliniambia habari hiyo huku anakata ndimu, bila kunitazama. "Wananipumzisha," alisema.

Jumapili moja ya Majilio alitakiwa kuanzisha wimbo peke yake. Ulikuwa wimbo wa Kihaya aliouimba tangu tukiwa Kimwani, na wazee walikuwa wakiusubiri. Alisimama. Mstari wa kwanza ulitoka, na mzee mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Kasinge waitu!", ndiyo hongera mpendwa wetu kwa Kihaya. Mstari wa pili ulifika nusu ukakatika. Akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa kama filimbi, sauti nyembamba yenye upepo mwingi, halafu kikohozi kikamshika na hakikumwachia. Kwaya iliingia haraka kumfunika. Dada akashuka jukwaani kwa adabu, mkono mdomoni, akapita katikati ya viti mpaka nje. Nilimfuata. Nilimkuta ameshika ukuta wa kanisa kwa mikono miwili, anahema kama mtu aliyekimbia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu.

"Hewa haiingii," aliniambia. "Naivuta, haiingii."

Kesho yake tulikwenda hospitali, mimi, yeye na shemeji. Walimpima makohozi kwanza, wakihofia kifua kikuu, na haikuwa hivyo. Walimpiga picha ya kifua. Walimpulizisha kwenye mashine, mara baada ya mara, na kila mara yule mpimaji alimhimiza, "Puliza mama, puliza, usiache," na kila mara pumzi iliisha mapema. Mwishowe tuliingia kwa daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Shemeji alibaki kwenye benchi nje. Alisema habari za madaktari zinamtia kizunguzungu.

"Mama, unavuta sigara?" daktari aliuliza.

"Sijawahi hata kuishika."

"Mzee nyumbani anavuta?"

"Havuti."

"Unafanya kazi gani?"

"Nakaanga samaki. Na chipsi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Unakaangia wapi? Nieleze hilo jiko lilivyo."

Dada akamweleza. Alipofika kwenye dirisha lililozibwa, nilimwona daktari akifumba macho kidogo, kisha akayafumbua. Akatuambia kwamba njia za hewa kwenye mapafu ya dada zimebana na kuharibika, na kwamba sehemu iliyoharibika hairudi. Dawa ya kupuliza ingemsaidia kupumua, isingemrudishia mapafu ya zamani. Alisema moshi wa mkaa una sehemu yake, na mafuta nayo yana yake. Mafuta yakipata moto mpaka yakatoa moshi, moshi ule unabeba kemikali zinazounguza mapafu kidogo kidogo, na mafuta yaliyorudiwa mara nyingi ni mabaya zaidi. Alisema pia juu ya chakula chenyewe. Viazi na vyakula vya wanga vikikaangwa mpaka vikawa vyeusi vinatengeneza sumu yake, na nyama au samaki akiungua anatengeneza nyingine, na baadhi ya hizo watafiti wanazihusisha na saratani.

"Basi mimi nina saratani?" dada aliuliza.

"Kwenye picha hii siioni. Tutaendelea kukufuatilia. Na siwezi kukuapia kwamba moshi ule peke yake ndio uliokuletea haya. Ila ningekuwa ndugu yako, nisingekuruhusu urudi kwenye jiko hilo hata kwa siku moja."

Mimi ni mwalimu. Nafundisha sayansi darasa la tano. Kwenye ubao nimechora mapafu mara nyingi, na vile vifuko vidogo vya hewa, na watoto wamevinakili. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa na aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Baadaye nilisoma kwenye simu majina ya hizo kemikali, akrilamidi na nyinginezo ndefu zisizotamkika, na nikagundua kwamba yalikuwa mambo yanayojulikana, yameandikwa, mtu yeyote angeweza kuyapata. Yalikuwa hayajafika kwetu tu. Au yalifika yakapita, kwa vile hakuna aliyeyahitaji siku hiyo.

Tulimweleza shemeji yote pale kwenye benchi. Tulipofika Bilele aliingia ndani, akatoka na nyundo na nondo, akaenda moja kwa moja kwenye jiko. Alianza na lile bati la dirishani. Lilipotoka hakuacha. Aling'oa bati la pili, la tatu, ukuta wote wa upande ule, misumari ikiruka, na watu wakakusanyika wakidhani wanandoa wamegombana. Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkono kifuani.

"Inatosha," alimwambia. "Waitu, inatosha. Ungetoboa dirisha tu."

"Nililiziba mwenyewe," shemeji alisema. "Kwa mkono huu. Hata sikuuliza." Akaketi chini kwenye vumbi katikati ya mabati, akalia mbele za watu. Sijawahi kumwona tena akilia, hata alipomzika baba yake.

Yule mzee fundi alikuwa barazani, mguu bado juu ya kanyagio la cherehani. Alikuwa amesikia kila kitu. Hakuja siku ile. Alikuja siku iliyofuata, baada ya alasiri, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda msibani. Dada alimwamkia shikamoo akiwa amekaa, kwa kuwa kusimama kulimchosha, na mzee aliitikia kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeomba dirisha lizibwe."

"Ndiyo, baba."

"Kwa ajili ya kanzu."

"Baba, ulijua?"

"Wallahi sikujua."

"Basi. Hata sisi hatukujua. Karibu ukae."

Alikaa. Alipoondoka alisema angehamishia cherehani upande wa pili wa nyumba, na kweli alihamisha, ingawa upande ule ulikuwa na jua kali la mchana na wateja hawakumwona kirahisi. Dada alimwomba asijisumbue. Hakukubali. Nadhani alihitaji kuwa na kitu cha kufanya, kama shemeji na nyundo yake. Tatizo ni kwamba wote wawili walikuwa wanafanya kitu ambacho muda wake ulikuwa umekwisha.

Tulijaribu kuiokoa biashara. Upande ulio wazi uliruhusu upepo wa ziwa upite jikoni. Binamu yetu alikuja kusimama kwenye karai, na dada akakaa mbali akielekeza. Moto ulipunguzwa. Mafuta yalibadilishwa kabla hayajakolea, chipsi zilitolewa zikiwa na rangi ya dhahabu, samaki akaiva akiwa na ngozi laini. Walikuwa samaki wazuri. Nakumbuka nilivyowala kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba sangara ana ladha yake mwenyewe.

Wateja hawakukubali. "Samaki wenu siku hizi mbona weupe? Mnaumwa?" Mmoja alisema kwa mzaha, asijue kwamba ni kweli. Dada alijaribu kuwaeleza. Nilimsikia siku moja akimweleza kijana wa bodaboda habari ya mafuta na moshi na mapafu, akisimama kila maneno machache kuvuta hewa, na yule kijana alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akaitikia, "Pole sana, mama." Kisha akaenda kununua chipsi nyeusi kwa mkaangaji wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yetu, aliyesimama ndani ya kibanda kilichofungwa turubai pande tatu. Dada alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu. Alikwenda kwake jioni ile ile. Sijui walizungumza nini. Aliporudi aliniambia tu, "Amesema atafungua turubai mvua zikiisha." Sijui kama alifungua.

Biashara ilififia, na ngazi na vilima vya mjini vilimzidi dada nguvu. Wakakubaliana kurudi Kimwani, kwenye kibanja cha wazazi wetu kilichokuwa kikitunzwa na kaka. Siku ya kuondoka, mzee fundi aliwashonea mashuka kama zawadi. Karai dada aliliacha kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba, nasikia, analitumia kuchanganyia saruji.

Huko ndiko waliko mpaka leo. Jiko lao liko nje, paa la nyasi juu ya nguzo, bila kuta kabisa. Anayepika ni shemeji. Sikutegemea kamwe kuona jambo hilo, mwanamume wa umri wake kupika, na majirani mwanzoni walimcheka. Alijifunza kufunga samaki kwenye majani ya mgomba. Mara za kwanza maji yaliingia na samaki akawa kama uji. Sasa anajua. Anafunga, anakunja pembe, anafunika chungu, anakaa pembeni akichonga mpini wa jembe mpaka samaki aive. Akitaka kuchoma nkonjwa, ile ndizi ya kuchoma, anaiweka mbali na makaa, na ikiungua anakwangua pale palipoungua bila kuacha hata doa, anaitazama pande zote kabla ya kumpa mke wake. Mara nyingine dada anamwambia, "Umeikwangua mpaka imekwisha, nile nini?" Yeye hacheki. Anampa nyingine.

Dada anakwenda ibada akisindikizwa, na anakaa kwenye viti vya kawaida, karibu na mlango penye hewa. Wanakwaya wa Kimwani wanajua alikuwa nani. Walimwomba awafundishe ule wimbo wa Kihaya, akakubali. Nilihudhuria mazoezi hayo likizo iliyopita. Alikaa, akawasemea maneno mstari kwa mstari kama anayesoma, na mahali pa kupanda alipandisha mkono, mahali pa kushuka aliushusha. Mwimbaji wa sauti ya kwanza alikuwa msichana mzuri, mwenye bidii. Alikosea sehemu moja, ile ya katikati ambapo sauti inatakiwa kuzunguka kabla ya kushuka. Alirudia, akakosea tena. Dada alifungua mdomo amwonyeshe. Niliona kifua chake kikijiandaa. Kisha akaufunga, akachora ule mzunguko hewani kwa kidole, polepole, mara kadhaa, mpaka msichana akajaribu tena na ikawa karibu. Haikuwa yenyewe. Ilikuwa karibu.

Jioni tulikaa nje ya jiko, na nilimwuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba muda mrefu. Nilimwuliza kama ana uchungu na mtu.

"Na nani?" alisema. "Mzee wa watu alitaka kanzu safi. Huyu mume wangu alitaka kumridhisha jirani. Wewe ulitaka makombo." Alinyamaza kuvuta hewa, na nilisubiri. "Nilikuwa napenda lile jiko. Hilo ndilo linaloniuma. Nikisema ni la kulichukia, basi nachukia miaka yangu mizuri."

Shemeji alileta sahani, akafungua majani, na mvuke ukatoka na harufu ya kijani ya mgomba na samaki. Alimtolea dada miiba kwa vidole, kipande kwa kipande, ingawa dada alimwambia anaweza mwenyewe. Tulikula. Mimi nilikula nusu ya sahani yangu, nikasema nimeshiba, nikaenda kusimama kidogo pembeni ya migomba, mahali ambapo wasingeniona uso.